Acha Kinywe Maji Kwanza

Nianze na jambo linalonisumbua, maana nikianza kwingine nitazunguka na sitafika. Jirani yangu wa Naviundu, fundi wa nguo ambaye mtaa mzima tulimwita Mama Mushonaji, alikuwa na mtoto mmoja tu, kijana wa kiume, na kijana huyo alikuwa gerezani. Siku moja mkubwa wa mkoa mzima alisimama mbele yake, akamwuliza kwa mdomo wake mwenyewe anataka nini, apewe. Mama Mushonaji akaomba sabuni. Sabuni! Nilikuwa nimesimama naye bega kwa bega, nikadhani masikio yangu yameziba. Miaka imepita, nimezeeka, nimezika mume, na bado nikiwa nachagua maharagwe mkono unasimama wenyewe, najiuliza: mama, sabuni ya nini?

Alizaliwa wapi, nani alimzaa nani, hayo msinitafutie. Sikuuliza na hakusema. Tulipohamia Naviundu, mume wangu akiendesha kamiyo, lori la mahindi, tulimkuta pale tayari, na mashini yake barazani na kamba zake za kuanikia zikikata uwanja mzima, mpaka ukitaka kwenda chooni uiname. Huo ndio mwanzo ninaoujua mimi.

Kamba zile zilikuwa kwa ajili ya vitambaa. Mama Mushonaji hakukata kitambaa kikavu. Umlete bibi arusi analia, umlete padri, hakukata. Unampa kikwembe chako kipya, bado kina karatasi ya kiwanda na ile gundi inayokifanya kiwe kigumu, yeye anakinusa, anakishika kwa vidole viwili, kisha anakitia kwenye beseni la maji baridi yenye chumvi. Hakisugui. Anakikandamiza kwa kiganja, polepole, mpaka mapovu ya hewa yaishe, na hapo anakiacha kilale. Kesho yake anakitoa bila kukikamua, anakitandaza kwenye kamba kwa upana wake wote. Mtu asithubutu kukining'iniza kwa pembe! Pembe zinavuta, anasema, na kitambaa kilichovutwa hakisahau.

“Acha ikunywe maji kwanza,” ndivyo alivyomwambia kila mtu. “Kama iko na ugonjwa, iugulie kwangu, isiugulie mu mwili yako.”

Na ugonjwa ulikuwepo, siwezi kusema uongo. Kuna vitambaa vilivyoingia beseni virefu vikatoka vifupi. Kuna vilivyotoa rangi mpaka maji yakawa wino. Mwenye kitambaa anapiga kelele kwamba ameharibiwa mali, na Mama Mushonaji anamsikiliza hadi mwisho, anamletea kahawa, halafu anamwambia, “Miye sikuiharibu. Miye nilikuonesha tu.” Watu wengine walikunywa hiyo kahawa wakiwa bado wanamtukana.

Kabla ya kuanika alinusa hewa. Upepo ukitoka upande wa bomba kubwa la kampani ya shaba, ule moshi unaokwaruza koo, haaniki hata kama jua ni kali. Moshi ule uliacha madoa kwenye vitambaa vibichi. Wageni walimwona amesimama uwanjani na pua juu, wakadhani ana wazimu. Sisi tulimwona tukajua kama leo tutoe nguo zetu au tuziache ndani.

Kikishakaribia kukauka, kabla hakijakauka kabisa, ndipo aliponiita. “Yaya, kuya tuvute!” Yaya kwetu ni dada. Kwa nini mimi, sijui. Labda kwa kuwa mlango wangu ulitazama wake. Alinipa pembe moja, yeye akashika ile inayoielekea kwa mshazari, tukavuta, tukageuza, tukavuta pembe nyingine mbili, mpaka nyuzi zinyooke. Kisha alichana ukingo kwa mkono, prrr!, kwa sababu mkasi unaweza kupinda lakini kitambaa kikichanika kinafuata uzi wake. Kisha pasi ya makaa, upande wa ndani, kwenda na uzi, hakuna kuzungusha. Hapo sasa ndipo mkasi ulitoka kwenye mfuko wake. “Mukasi haiombake musamaha,” alisema kila mara, na kila mara alifanya msalaba.

Sasa mnafikiri namsimulia mtu wa utaratibu. Ngojeni. Mtu huyu mwenyewe alivaa nguo fupi! Mikono ya blauzi yake iliishia katikati ya kigasha, sketi ilimbana tumbo. Alijishonea kwa vipande alivyobaki navyo, akavishona vikavu, bila tone la maji, na baada ya kufuliwa mara ya kwanza vikapunguka. Nilimwambia, “Mama, weye mwenyewe njo unatusumbua na maji yako, juu ya nini yako unashona vile?” Akajiangalia kama mtu anayejiona kwa mara ya kwanza. “Kweli,” akasema. Wiki ileile akajishonea nyingine kavu.

Alichukia watu wa haraka, na yeye mwenyewe alichelewa kila mahali. Misa alifika watu wakiwa wamesimama kwa Injili, akapita katikati mpaka benchi la mbele, viatu vikipiga kelele, akapiga magoti kwa muda mrefu kuliko sisi sote. Jumapili hiyohiyo mchana alipiga pasi. Nikimwambia dhambi, anasema Mungu anaona kitambaa kiko tayari, kesho kitakuwa kimekauka mno. Na alidanganya. Yesu wangu, alidanganya! “Nguo yako imeisha, imebaki vifungo tu,” na kitambaa bado kiko ndani ya beseni, unakiona kwa macho yako. Ukimwonesha beseni, anacheka nawe.

Na animasyo. Vijana wa leo hawajui. Miaka ile ya chama kimoja kila mtaa ulikuwa na kundi lake la kucheza na kumwimbia Mukubwa wa nchi. Ukisikia filimbi ya shefu wa mtaa, unaacha sufuria motoni. Sisi tulicheza kwa kuburuta miguu. Mama Mushonaji alicheza kweli. Alitikisa kiuno, alijibu nyimbo kwa sauti ya juu, jasho likamtoka. Hata baada ya mwanawe kukamatwa aliendelea kucheza vilevile, mstari wa mbele, na hapo ndipo nilipoanza kutomwelewa. Nilimwangalia usoni kutafuta hasira. Sikuona hasira. Sikuona na furaha.

Mwanawe alifanya kazi kwenye karakana ya reli. Kijana mpole, mrefu, alipenda kula akiwa amesimama. Asubuhi moja bendera ilikuwa inapandishwa, na kila mtu anajua bendera ikipanda unasimama pale ulipo hata kama unanyeshewa. Yeye alikuwa amechelewa kazini, amerithi miguu ya mama yake. Akaendelea kutembea. Hatua chache tu, walioona walisema, kisha akakumbuka akasimama. Lakini alikuwa ameshaonekana. Walimchukua palepale, na chakula chake cha mchana mkononi.

Kila asubuhi baada ya hapo Mama Mushonaji alipeleka bakuli la bukari na sombe, ugali na kisamvu, kwenye lango la gereza. Mlinzi alipokea bakuli, akarudisha la jana likiwa tupu. Mtoto mwenyewe mama hakuoneshwa. “Lakini anakula,” aliniambia. “Bakuli inarudi safi. Miye najua namna yake ya kupanguza bakuli.” Nani angemwambia kwamba walinzi nao wana vidole? Si mimi.

Basi ikaja habari kwamba Komiseri atatembelea mtaa wetu. Komiseri ndiye aliyekuwa mkubwa wa mkoa kwa majina ya wakati ule. Shefu wa mtaa, mwanamume mwembamba ambaye kosti lake la kola, suti ya watu wa chama, lilimzidi mabega, akaleta marobota ya kitambaa cha chama, kijani, na uso wa Mukubwa wa nchi umechapwa kote, juu hadi chini. Akayaweka barazani kwa Mama Mushonaji. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimekuja kuazima ungo.

“Mama,” akasema, “utashonea bamama bote. Kama Komiseri anafurahi, miye mwenyewe nitamuongelesha juu ya mutoto yako. Nitamuambia: huyu njo mama alishona.”

Mama Mushonaji akapiga magoti. Sikuwahi kumwona akipigia mtu magoti nje ya kanisa.

“Me kitu kimoja,” shefu akaongeza; ‘me’ kwetu ni ‘lakini’. “Usitie ile kitambaa mu maji. Ile ni uso ya Mukubwa. Haiingiake mu beseni kama kaputula ya muntu. Umesikia?”

“Nimesikia, citoyen.” Raia, ndivyo tulivyoagizwa kuitana wakati ule.

Shefu akaenda. Mama Mushonaji akakaa akalitazama robota. Akalinusa. Akashika ukingo kwa vidole viwili, akausugua, akatazama vidole. Nilijua uso ule. Nikamwambia, “Mama, hapana. Mara hii hapana.”

“Iko na gundi mingi,” akasema.

“Iwe na gundi! Shefu alisema nini?”

“Alisema nishone muzuri.”

“Alisema usitie maji! Mama, mutoto yako!”

Akaniangalia, na sura yake ilikuwa ya mtu anayeshangaa kwamba sielewi jambo dogo. “Njo juu ya mutoto,” akasema. “Nguo mubaya itamutosha mu gereza, atoke?”

Nikarudi nyumbani bila ungo. Mume wangu akaniuliza nina nini, nikamwambia kichwa. Kwa sababu ukimwambia mwanamume jambo kama hilo, kesho liko kwenye kamiyo, keshokutwa liko mtaa wa Ruashi.

Alfajiri ya siku iliyofuata nilifungua mlango na nikashika mdomo. Kamba zote za uwanja zilikuwa zimejaa nyuso za Mukubwa wa nchi, zinatoa maji. Chumvi alitia, alitia ya kutosha, niliona mfuko mtupu. Lakini rangi ile ilikuwa ya ovyo, haikushikwa na chumvi wala na Mungu. Kijani kilikuwa kimegeuka majani makavu. Na uso, mama yangu! Uso ulikuwa umebaki kivuli. Uliona hapa kuna jicho, hapa labda kuna pua.

Mama Mushonaji alikuwa amesimama katikati ya kamba, mikono yake ya kijani mpaka kwenye viwiko. “Imeugua,” akaniambia.

Shefu alifika kabla jua halijapanda. Nani alimwambia sijui, kamba zilionekana toka barabarani. Akatembea kati ya vitambaa, matone yakimwangukia begani, na hakupiga kelele, ndicho kilichonitisha.

“Umemuloweka Mukubwa wa inchi,” akasema. “Umemukanyaga na miguu?”

“Hapana, citoyen. Nilimushika na mikono mbili.”

“Umemukamua?”

“Miye sikamuake.”

Nilitaka kucheka, na nilitaka kulia, na nikabanwa na kikohozi. Shefu akaketi kwenye kiti cha mashini, akavua kofia. Nadhani ndipo alipoona kwamba yeye ndiye aliyetoa kitambaa, yeye ndiye atakayeulizwa, na kitambaa kingine hakipo mjini kote. Akasema kwa sauti ya mtu mgonjwa, “Shona, mama. Shona tu. Tutaona.” Na juu ya mtoto hakusema neno.

Basi tukavuta vitambaa, mimi na yeye, pembe kwa pembe. Nilikuwa na hasira naye, nilivuta kwa nguvu mno, akaniambia polepole. Alipiga pasi, akakata, akashona. Kila uso aliuweka kichwa juu, hakuna uliolala, hakuna uliokatwa na mshono. Kazi nzuri sana juu ya kitambaa kilichokufa. Nilipovaa ya kwangu ilinikaa mwilini vizuri kuliko nguo ya arusi yangu. Hapo tena sikujua nimkasirikie au nimshukuru.

Siku ya Komiseri tulisimama foleni tangu asubuhi, na mvua ikapita juu yetu, kisha jua. Mama Mushonaji alikuwa pembeni yangu. Midomo yake ilikuwa ikitembea bila sauti. Nikadhani anasali rozari. Mtaa wa jirani walikuwa wamevaa kijani kinachong'aa, na mvua ilipopita kijani kikaanza kuwashuka miguuni. Wakaanza kujipangusa, wakajipaka zaidi. Sisi maji yalitupita tu, hatukuwa na rangi ya kutoa.

Komiseri akashuka kwenye gari. Akawatazama wale wenye miguu ya kijani, akawapita. Akaja kwetu. Akasimama muda mrefu akitazama vile vitambaa vyetu vilivyopauka. Shefu wetu alikuwa amefumba macho, nawaapia. Kisha Komiseri akasema maneno kwa Kifaransa, na tena kwa Lingala, na shefu akafumbua macho akatafsiri:

“Komiseri anasema, bamama ba huku njo bale ba kweli! Bengine banavaa kikwembe ya chama siku ya leo tu, kesho banaikunja mu sanduku. Ninyi munaivaa kila siku, munalimia nayo, munapikia nayo, mupaka inazeeka! Anasema hii njo mapendo!”

Tukapiga vigelegele. Ungefanya nini? Tulipiga vigelegele mpaka koo likauma. Komiseri akauliza nani anawaongoza hawa, na shefu, ambaye nadhani bado aliogopa kuulizwa habari za robota, akamsukuma Mama Mushonaji mbele. Akaanza hata kusema, “Huyu njo mama alishona,” sawa na alivyoahidi, kisha akameza mengine yote.

Komiseri akamwinamia kidogo. Mara hii alisema kwa Kiswahili chetu, chake kibovu lakini cha upole. “Mama, unataka nini? Sema. Nitakupatia.”

Nilimsukuma kwa kiwiko. Sasa, mama, sasa! Jina la mtoto, basi. Neno moja.

“Sabuni,” akasema Mama Mushonaji.

Watu wakacheka, wakapiga makofi. Komiseri naye akacheka, akamshika bega. “Sabuni!” akarudia. “Mama wa kazi!” Akapanda gari, likaondoka. Mimi nilimshika Mama Mushonaji mkono nikamgeuza. “Juu ya nini?” nikamwuliza. “Juu ya nini?” Akaniangalia kama mtu aliyeamshwa. Akaanza kutembea kurudi nyumbani, na kwa mara ya kwanza niliona anatembea haraka.

Na sabuni ikaja. Hilo nalo mlisikie. Wakubwa waliahidi mengi wakati ule na hatukuona kitu, lakini kabla wiki haijaisha kamiyo ilisimama mbele ya mlango wake, askari wakashusha makatoni ya sabuni ya mche. Aligawia mtaa mzima, mlango kwa mlango, hakubakiza zaidi ya yetu. Nilifulia sabuni ile kwa miezi. Ilikuwa sabuni nzuri.

Baada ya hapo, asubuhi moja, mlinzi wa gereza alirudisha bakuli likiwa limejaa. Akasema kijana amepelekwa. Wapi? Amepelekwa. Mama Mushonaji akaenda kesho yake na bakuli jingine, na keshokutwa, mpaka walinzi wakabadilishwa na wapya hawakujua anamtaka nani. Tulisikia yuko kaskazini. Tukasikia hayuko kaskazini. Kisha hatukusikia tena.

Mtaa ulisema. Mtaa haufungi mdomo. Kuna waliosema hakumzaa yule kijana, alimlea tu, na ndio maana. Kuna waliosema alilogwa na shefu. Mume wangu alisema mtu aliyezoea beseni ataomba sabuni hata mbinguni, nikamnunia siku mbili. Mimi nilikuwa na maelezo yangu, niliyajenga taratibu, mwaka baada ya mwaka, na niliyapenda. Nilisema: huyu ni mwanamke anayejaribu kitambaa kabla ya mkasi. Komiseri alikuwa kitambaa kigeni. Angelitaja jina, jina lingeingia kwenye masikio ya wakubwa, na huwezi kulitoa tena. Kwa hiyo aliomba kitu kidogo kwanza, aone rangi ya yule mtu. Akili ya fundi! Niliwasimulia binti zangu hivyo, wakatikisa vichwa kwa heshima. Niliwasimulia na watu wa Hewa Bora tulipohamia huko.

Kwa nini basi baada ya sabuni kuja hakwenda kuomba lile kubwa? Hapo maelezo yangu yalikuwa na tundu, na nilikuwa nalirukia.

Mara ya mwisho nilimwona Ruashi, kwa binti wa ndugu yake, kwenye nyumba ya matofali mabichi isiyo na plasta. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Mkasi hakushika tena, lakini yule binti alikuwa anashona, na kazi ya maji ilibaki ya Mama Mushonaji. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda, mikono ndani ya beseni, anakandamiza kitambaa cha mtu. Alinitambua kwa sauti. Tukacheka, tukahesabu waliokufa. Nikaona siku ni nzuri, nikaona nimpe zawadi, nikamweleza. Nilimweleza yote: kitambaa kigeni, kitu kidogo kwanza, akili ya fundi. Nilisema kwamba mimi sikuelewa siku ile, lakini sasa nimeelewa.

Alisikiliza hadi mwisho, vile alivyokuwa akiwasikiliza wale wenye vitambaa vilivyoharibika.

“Yaya,” akasema, “ni weye njo unasema vile. Miye hapana.”

“Ilikuwa nini basi?”

“Woga.” Akatoa mikono majini, akaiweka magotini, maji yakimlowesha kikwembe. “Jina yake nilikuwa nayo mu kinywa. Toka asubui, mu mvua ile, nilikuwa naisema-sema, nisikosee. Nilijipanga: kama anakasirika nitapiga magoti, kama anafukuza nitashika gari. Sasa yeye akasema ‘mama’. Akasema na upole. Miye kwa upole sikujipanga. Nikapotea, yaya. Niliangalia chini, nikaona viatu yake, safi, safi, nikasema sabuni.”

Nilimwambia tu, kijinga, kwamba labda hata angelitaja jina wasingemtoa. Kwamba wakubwa wale walikuwa waongo.

“Sabuni ilikuya,” akasema.

“Ilikuya, mama.”

“Kama haikukuya, ningesema muongo, na ningelala. Me ilikuya. Na kamiyo.”

Ndani, yule binti alisimamisha mashini, akasikiliza, kisha akaendelea kushona. Mama Mushonaji akasimama. Alijivuta blauzi chini, ile fupi isiyoshuka, akasimama wima mbele yangu na mikono imenyooka kando. Akalitaja jina la mwanawe. Alilitaja lote, la ubatizo na la asili, na la baba yake, na karakana aliyofanya kazi, na asubuhi aliyokamatwa, bila kukosea, kwa sauti ya juu, na mwisho akasema, “Ninaomba mutoto yangu.” Kisha akakaza macho yake yenye ukungu juu yangu, akangoja nijibu.